Tathmini ya Philips HeartStart OnSite: mashine ya kushtua moyo kwa watu wasio madaktari

Inakadiriwa kuwa kila mwaka watu milioni 4 hadi 5 duniani hufa ghafla kutokana na moyo, na wengi wao huanguka nyumbani, kazini au viwanjani, mahali ambapo hakuna daktari wala muuguzi. Klabu yetu ya mazoezi jijini Dar es Salaam iliponunua mashine hii, nilitaka kujua jambo moja kabla ya mengine yote: je, mtu wa kawaida, mwenye hofu na mikono inayotetemeka, ataweza kuitumia kwa wakati? Baada ya kuishika na kufanya nayo mafunzo, nasema ataweza, mradi wenye jengo watimize wajibu wao.

Suala la wakati ndilo kiini cha yote. Mara nyingi mtu anapoanguka hivi, vyumba vya chini vya moyo huwa vinatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, na kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua wala kushtuliwa moyo kwa umeme humpunguzia uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Katika jiji ambalo gari la wagonjwa linaweza kukwama kwenye foleni, hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini mashine inapaswa kuwa ndani ya jengo lenyewe.

Matumizi yake ni mepesi kwa kiwango kilichonishangaza. Ukivuta mpini wa kijani, sauti inaanza kukuelekeza: vua nguo kifuani, bandua vibandiko vinavyopitisha umeme, vibandike kwenye ngozi kavu kama picha inavyoonyesha. Mashine husoma mwenendo wa moyo yenyewe, na isipoona mtetemeko unaohitaji umeme, haitoi umeme hata ukibonyeza kitufe. Kwa hiyo woga wa kumuua mtu aliyezimia tu hauna msingi. Inapoona haja, kitufe cha rangi ya chungwa huwaka na kuzima, nawe unakibonyeza baada ya kuhakikisha hakuna anayemgusa mgonjwa. Kwa mtu mzima hutoa nishati ya jouli 150 (jouli ni kipimo cha nishati). Kipengele nilichokipenda zaidi ni kitufe cha bluu, ambacho hukuongoza katika kubonyeza kifua kwa mlio wa kupigia mwendo, kwani watu wengi hubonyeza polepole mno au huacha mapema wakidhani mashine imemaliza kazi.

Uzito wake ni takriban kilo 1.5. Daktari wa moyo Frank Pantridge alipotengeneza mashine ya kwanza ya aina hii ya kubebeka mjini Belfast, Ireland Kaskazini, mwaka 1965, ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi na ilitegemea betri za gari.

Yapo mambo ya kuzingatia kabla ya kununua. Mashine yetu inazungumza Kiingereza, na sidhani kuwa inafaa kumtegemea mtu aliyechanganyikiwa kutafsiri kichwani. Tuliandika maelekezo kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, tukayabandika kando yake, na mafunzo yote tuliyafanya kwa Kiswahili. Bei yake huzidi dola 1,000 za Marekani, na gharama haiishii hapo, kwa sababu betri hudumu takriban miaka 4 na vibandiko takriban miaka 2. Vibandiko vya watoto wadogo, vinavyopunguza umeme hadi jouli 50, hununuliwa peke yake. Aidha, inapokuwa akibani haipaswi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 43 za Selsiasi, hivyo kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kuiharibu. Mashine hujipima kila siku, na taa ya kijani inayowaka na kuzima ndiyo ishara kuwa iko tayari. Inapolia mlio mfupi mfupi, inataka kuangaliwa mara moja.

Kasoro kubwa ninayoiona iko kwetu watumiaji. Nimeona mashine za aina hii katika majengo mengine zikiwa zimefungiwa kwenye ofisi ya meneja, ambaye huondoka na funguo jioni. Huo ni uzembe unaogharimu uhai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu kasino za Marekani, ambako waliofunzwa kutumia mashine hizi walikuwa walinzi, ulionyesha kuwa miongoni mwa walioonekana wakianguka kwa mtetemeko wa moyo na kushtuliwa ndani ya dakika 3, asilimia 74 walipona. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo walipona asilimia 49. Mlinzi wa zamu ya usiku, mfanya usafi na karani wa mapokezi, ambao huwapo muda wote, ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kufundishwa.

Naipendekeza kwa klabu, misikiti, makanisa, shule na viwanda vyenye watu wengi. Anayenunua aagize vibandiko vya akiba pamoja nayo, aitundike ukutani pasipo kufuli, na aweke tarehe ya mafunzo kabla hajalipa.