Silikati au kaboni: vumbi gani huundwa na nyota fukara?

Nyota fukara ni ile iliyozaliwa na kiasi kidogo cha elementi nzito kuliko heliamu. Nyota ya aina ya Jua ikizeeka huvimba, hupwita na kupuliza gesi. Gesi hiyo ikipoa hadi nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, chembe za vumbi huanza kuganda. Chembe zipi? Kaboni na oksijeni hushikana kuwa monoksidi ya kaboni, na ile inayobaki ndiyo huamua.

Ikibaki oksijeni, hupatikana silikati, yaani madini ya silikoni na oksijeni. Tatizo ni kwamba silikati huhitaji silikoni na magnesiamu, na nyota ya ukubwa huu haiundi silikoni. Hutegemea ile iliyozaliwa nayo. Iliyozaliwa fukara imekwama.

Kaboni ni habari nyingine kabisa. Nyota huipika yenyewe kwa kuunganisha viini 3 vya heliamu, kisha huchotwa kutoka ndani hadi juu. Na kwa kuwa oksijeni ni haba, kaboni kidogo tu hutosha kuizidi. Ufukara umegeuka faida!

Mwaka 2009, watafiti waliotumia darubini ya Spitzer walieleza vumbi la namna hii kwenye nyota ya kaboni (yenye kaboni kuzidi oksijeni) katika galaksi kibete na fukara ya Sculptor. Kura yangu ni kwa kaboni, ingawa nyota kubwa zinazolipuka nazo zina vumbi lao.