Programu ya kugawana gharama inayojua "na ya kutolea": uzoefu wangu

Kama umepanga kwenye nyumba yenye mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, au una kundi la marafiki mnaotoka pamoja wikiendi, programu hii inakuhusu. Inatengenezwa na vijana wawili wa hapahapa Dar, bado iko kwenye majaribio, na wameomba tusilitaje jina lake mpaka wakamilishe usajili. Nimeitumia nyumbani Tabata na kwenye safari za kundi letu. Naandika kwa sababu nimeipenda, na nataka itoke ikiwa nzuri zaidi ya ilivyo sasa.

Kazi yake ni hii: mmoja analipa, anaingiza kiasi na waliohusika, programu inagawa na kutunza kumbukumbu ya nani anamdai nani. Hesabu ya namna hiyo hata Splitwise, programu iliyoanza Marekani mwaka 2011, inaifanya vizuri: sawa kwa sawa, kwa asilimia, kwa mafungu, au kila mtu na kiasi chake. Hawa vijana wamejitofautisha kwa kufuata pesa inavyotembea kwenye simu zetu.

Makato ya kutuma pesa, kwa mfano. Kundi letu lilipokwenda kisiwa cha Mbudya, mmoja alilipa boti pale Kunduchi, mwingine samaki, mwingine bajaji za kwenda na kurudi. Zamani kila mtu angemtumia kila mwenzake, na kila muamala una makato yake. Programu inajumlisha alichotoa kila mtu na alichotumia, kisha inaonyesha njia fupi ya kumalizana. Kama mimi namdai jamaa 10,000, na jamaa naye anamdai dada mmoja 10,000, dada ananitumia mimi moja kwa moja na jamaa anatoka kwenye hesabu. Watu watano hawahitaji kutumiana zaidi ya mara nne, hata kama kila mmoja alilipia kitu. Kwa mtu ambaye kutuma pesa kwake ni bure, huo ni urahisi tu. Kwetu ni pesa iliyobaki mfukoni.

Ila hapo pana jambo la kiutu ambalo toleo la kwanza halikuliangalia. Dada yule alipoona jina langu kwenye simu yake alinipigia: "Kaka, mimi na wewe tunadaiana nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Deni ni makubaliano ya watu wawili, huwezi kulihamishia kwa mtu wa tatu kimyakimya. Tuliwaambia, wakarekebisha. Sasa kabla deni halijahamishwa wote watatu wanapata ujumbe unaoeleza limetoka wapi, na mmoja akikataa linabaki lilipokuwa. Naona hilo ndilo badiliko la maana kuliko yote waliyofanya.

Halafu kuna kitufe cha "na ya kutolea". Anayepokea anasema mapema kama atatoa pesa kwa wakala au ataiacha kwenye simu alipie vitu kwa Lipa Namba. Akichagua kutoa, gharama ya kutolea inaongezwa kwenye kiasi cha kutumiwa, na wote wanaiona. Yale mabishano ya "umetuma pungufu" yameisha kwenye kundi letu. Viwango vya makato vinatofautiana kati ya mitandao, kwa hiyo wameacha nafasi ya kusahihisha kwa mkono.

Kwenye LUKU ndiko iliponikamata kabisa. Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja, na tulikuwa tunachanga elfu tano tano, mwenye friji sawa na mwenye taa na feni. Sasa tunatumia mafungu: mwenye friji anahesabiwa mafungu mawili, wengine fungu moja moja. Umeme wa 20,000 unakuwa 8,000 kwa mwenye friji na 4,000 kwa kila mmoja wetu, na mwenye friji mwenyewe ndiye aliyependekeza baada ya kuona hesabu.

Kuna na kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, ilianza 1,000 na sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi anapata uniti pungufu, na wenzake wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Programu ina mstari wake peke yake, inaiweka upande wa mwenye nyumba na kuijumlisha mwezi hadi mwezi. Baba mwenye nyumba alipoonyeshwa orodha ya miezi sita, 9,000, hakubisha: "Hii yangu. Mkilipa kodi ya chumba muikate." Ilikuwa ni kero ya muda mrefu, ikaisha kwa dakika chache barazani.

Mgawanyo unazungushwa kwenye mia, hakuna senti. Vizuri.

Kilichokaribia kuiua programu nyumbani kwetu ni ruhusa. Toleo la mwanzo liliomba kusoma majina yote kwenye simu. Mama wa chumba cha mbele alikataa papo hapo: "Mwanangu, hiyo si ile ya kuwapigia ndugu zako wote ukichelewa kulipa?" Hofu yake ina msingi. Watu wamedhalilishwa na programu za mikopo, na Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, na programu ya kugawana bili ya maji haina sababu ya kujua namba ya shangazi yangu. Sasa unamwalika mtu kwa kiungo tu. Rangi nyekundu kwenye ujumbe wa kukumbusha deni nayo wameiondoa, na mnachagua wenyewe siku ya kukumbushana. Sisi tumeweka mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka.

Ninachokidai bado ni kwa ajili ya mpangaji wetu wa nne, ambaye anatumia kitochi, simu ndogo isiyoweza kuweka programu. Kila mwezi namsomea hesabu yake mlangoni, na lazima aniamini tu. Vijana wanasema ujumbe mfupi wa kawaida unawagharimu. Nimewashauri watume mmoja tu kwa mwezi, siku ya kumalizana, wenye kiasi, mchanganuo na jina la wa kutumiwa, na gharama ya huo ujumbe iingie kwenye mgawanyo wa nyumba pamoja na umeme na maji.