Banda umiza lililotuzimia mechi ya Man U kipindi cha pili

Wadau wa Arusha, hasa nyie wenzangu wa Man U, someni hii. Kuna banda umiza moja Ngarenaro, yaani kibanda cha kuangalizia mpira kwa kulipia, jina nalihifadhi maana mwenye banda ni mzee wa watu na hajawahi kunikosea, shida yangu ni chalii wake anayekaa mlangoni anakusanya hela na ndo huyohuyo anayeshika rimoti.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa tano 2025, masika bado inapiga, tunacheza na West Ham pale Old Trafford. Msimu ulishaharibika siku nyingi, kocha Ten Hag kaongezewa mkataba kiangazi afu Oktoba wanamfukuza, kaja Amorim na mabeki wake watatu, Hojlund straika tuliyemtegemea kamaliza ligi na magoli manne, manne jamani, na McTominay waliyeona hafai wakamuuza Napoli kaenda kubeba ubingwa na uchezaji bora wa Serie A, ligi ya Italia, juu. Sasa mtu anatoka Sakina kwa kifodi, daladala zetu hizi, mvua ile, matope yale, anaenda kuangalia timu ya hivyo, huyo ni mtu wa kuheshimiwa bwana. Timu ikiwa inashinda kila mtu anajaa bandani.

Soucek akatufunga mapema, tukavumilia. Kipindi cha pili hakijakolea Bowen akaweka la pili, na wale wa Liverpool na Arsenal waliokuja kusubiri mechi yao ya jioni wakaanza nyumbu nyumbu nyumbu, jina wanalotutania watu wa Man U. Hilo sina neno nalo, utani wa mpira ndo ulivyo. Ila chalii akanyanyua rimoti akahamishia El Clasico, Barcelona na Real Madrid, hakuuliza mtu, na banda lina skrini moja tu. Nikamwambia dogo rudisha, watu tumelipia hii mechi. Akanijibu hata hajageuka, "Braza mshakufa, mnaangalia nini tena? Watu wanataka mpira." Nikasema basi nipe buku yangu niondoke, akacheka, na nusu ya banda ikacheka naye.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Wiki chache nyuma, banda hilohilo, chalii huyohuyo, tulicheza na Lyon robo fainali ya Europa. Tulikuwa tunaongoza mbili, wakarudisha zote, dakika za nyongeza wakatutandika mbili nyingine ikawa 4-2, na wao wako kumi uwanjani! Watu wa Man U wenyewe wakaanza kuondoka maana usiku ulishakuwa mkubwa na vifodi hakuna tena. Sisi tuliobaki ndo tuliona Bruno anapiga penati, Mainoo anasawazisha, Maguire anamaliza kwa kichwa, 5-4. Chalii alipanda juu ya benchi anapiga kelele kuliko mtu yeyote mle ndani, mzee mmoja nisiyemjua kanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Siku hiyo ungeniuliza ningekwambia hakuna banda kama lile Arusha nzima. Sasa angetuhamishia mechi tukiwa tumefungwa 4-2 tungeona nini? Yeye mwenyewe angeona nini?

Afu nikifikiria sana hasira inahamia kwa timu. Huyu dogo ujasiri kautoa wapi kama sio wao waliompa? Kocha wetu Ferguson kaondoka 2013 na ubingwa mkononi, tangu hapo ligi hatujaigusa tena, na msimu huo wa 2024/25 tulimaliza wa 15, pointi 42, tukafungwa mechi 18 za ligi. Amorim mwenyewe mwezi wa kwanza alisema pengine hii ndo timu mbovu kuliko zote kwenye historia ya klabu. Kocha kasema! Kwa hiyo kuna muda namsamehe kabisa yule dogo, naona hana kosa.

Hapana lakini. Hapana. Timu mbovu ni yangu, nimeichagua, na hela nimetoa mfukoni mwangu, yeye hajanichangia hata mia. Kama mechi ilikuwa haifai kuonyeshwa angesema mlangoni kabla hajapokea hela.

Fainali ya Europa tuliyocheza na Tottenham kule Bilbao nilirudi palepale, umeme ulikatika huku kwetu na wao wana jenereta. Chalii akapokea hela kama hatujawahi kuonana, hakuna hata samahani kaka. Brennan Johnson akatufunga lile goli la kugongana gongana, moja bila, kombe limekwenda na nafasi ya Champions League ambayo bingwa angeipata nayo imekwenda, na rimoti siku hiyo hakuigusa, tuliachiwa tuumie mpaka mwisho. Na nasema ukweli, hata vile nilishukuru, kwa sababu ndo nilichokilipia.

Kwa hiyo banda ni zuri, picha safi, sauti inasikika hata ukikaa nyuma, jenereta halisumbui. Nilishasema siendi tena, nikaenda, na msimu ukianza sijui nitafanyaje. Ila mzee, kama ujumbe huu utakufikia, mwambie kijana wako mechi iliyolipiwa inaonyeshwa mpaka filimbi ya mwisho, hata tukiwa tumepigwa saba. Na ile buku ya West Ham naidai, sijaisamehe.