TM 30-506: kamusi ya kusomea Kijerumani cha vita

Karibuni tena. Leo mezani nina TM 30-506, kamusi ya kijeshi ya Kijerumani iliyotolewa na Wizara ya Vita ya Marekani mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa. Inakwenda pande mbili, Kiingereza kwa Kijerumani na Kijerumani kwa Kiingereza, na nakala yake inapatikana bure mtandaoni. Kama mnasoma barua za askari au amri za jeshi za wakati ule, naipendekeza kwa moyo wote.

Tazameni hapa kwenye skrini: Panzerabwehrkanone. Msitishwe na urefu, anzeni mkiani. Kanone ni mzinga, Abwehr ni kuzuia, Panzer ni kifaru. Mzinga wa kuzuia vifaru! Kiswahili kinataja mambo yale yale kwa mpangilio uliogeuzwa, kwa hiyo ukishazoea kuanzia nyuma, unakwenda mbio. Askari walifupisha wakasema Pak, na ule wa kuzuia ndege wakauita Flak.

Mbinu hii inakwama kwenye mizaha ya askari. Gulaschkanone ukiikata unapata mzinga wa mchuzi wa nyama, kumbe ni jiko la magurudumu, bomba lake la moshi limesimama kama mtutu. Nayo Gefrierfleischorden, nishani ya nyama iliyogandishwa, ndivyo walivyoiita medali ya waliopigana upande wa Mashariki katika baridi ya 1941/42.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mkikutana na Sonderbehandlung katika karatasi za SS, kile kikosi cha Wanazi, vipande vyake vinasema "kushughulikiwa kwa namna maalumu". Maana yake ilikuwa kuuawa. Mwaka 1943 Himmler mwenyewe, mkuu wa SS, aliagiza neno hilo liondolewe kwenye ripoti ya Korherr, mtakwimu wa SS, kuhusu Wayahudi wa Ulaya. Kwa maneno ya namna hii kamusi pekee haitoshi: angalieni nani ameandika, anamwandikia nani, na wale watu wanaotajwa waliishia wapi.

Na ninyi mnaosoma majalada ya Kijerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mjue kamusi hii ni ya jeshi la Hitler, si ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, ya 1914. Tena yale yaliyoandikwa kwa mkono yatawadai kwanza mjue Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Anzeni na yaliyopigwa chapa. Kiungo cha kupakua kamusi nimekiweka hapo chini.