Muvi mbovu, lakini nilishailipia: uzoefu wangu na banda umiza Tanga

Muvi yenyewe ni mbovu. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nawatetea walioitengeneza. Ila ugomvi wangu leo si na wao, wako mbali na hawanijui. Ugomvi wangu ni na banda umiza moja, yale mabanda ya kuonyeshea muvi na mpira kwa kiingilio, la hapa Ngamiani. Jina silitaji na barabara ya ngapi sisemi. Wenyeji mtalijua kwa kelele.

Ubao wa nje uliandikwa kwa chaki: KRISMASI BAADA YA KIAMA. YA KUTISHA. IMETAFSIRIWA. Jina lake halisi mpaka leo silijui, maana aliyeinakili alikata mwanzo, tukatua moja kwa moja kwenye theluji. Ilitakiwa ianze mara tu baada ya Magharibi, ikaanza walipoona benchi zimejaa. Na Desemba ya Tanga mnaijua. Kaskazi inavuma huko nje, ndani ya mabati na maturubai haiingii hata chembe, na feni pekee imeelekezwa kwenye projekta ili isichemke. Watu tuchemke tu. Kwa hiyo ile theluji ukutani, imefika magotini, kwa muda fulani niliifurahia kwa ajili ya baridi yake, hadithi sikuijali. Mpaka nilipoitazama vizuri. Ni povu. Upepo ukipita linapeperuka mapovu mapovu, na kwenye paa la nyumba wametandaza pamba, unaona kabisa pindo lake.

Hadithi ni kwamba dunia imeisha, iliishaje hatuambiwi, wamebaki watu wa kuhesabika, na kila usiku wa Krismasi linatoka jitu lenye nguo za Baba Krismasi linapita nyumba kwa nyumba kuua. Ndevu zake zimebandikwa kwa gundi. Upande wa kushoto gundi imeachia, kidevu cha kijana kinachungulia, kwa hiyo kila likigeukia kushoto banda linacheka. Steringi, yaani mhusika mkuu, akafa mapema mno. Watu wakakataa. "Huyo siye steringi, steringi anakuja!" Tukamsubiri, hakuja mtu, alikuja binti mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Halafu kuna mahali binti huyo anatembea barabarani peke yake, mtafsiri anatueleza kwa uchungu kwamba hakuna gari lililopita hapo kwa miaka saba, na kule nyuma kabisa, juu ya daraja, lori linapita limewasha taa.

"Hilo linawahi Horohoro!" mmoja akapiga kelele, yaani linakimbilia mpakani mwa Kenya. Tukacheka mpaka operata akarudisha nyuma ili tulione tena. Kwa hilo nampa heko, sipendi kumnyima mtu haki yake.

Msinijie na habari za bajeti ndogo. Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, ilitengenezwa kwa dola zipatazo 114,000, nyeusi na nyeupe, watu wamejifungia kwenye nyumba moja ya shamba, na damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Watu wanaiogopa mpaka leo. Hawa wetu picha yao ni safi, rangi zote zipo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuangalia nyuma ya binti kama kuna lori.

Mama mmoja niliyekaa naye benchi moja, amempakata mwanawe, akaniuliza Baba Krismasi kaanza lini kuua, si mtu wa zawadi huyu? Nikamwambia kwa wenyewe mambo hayo si mageni. Huko Austria na kusini mwa Ujerumani, usiku wa tarehe 5 Desemba, anatoka kiumbe wa pembe na manyoya anayeitwa Krampus, anafuatana na Mtakatifu Nikolasi, kazi yake kutisha watoto watukutu. Akasema kwa joto hili huyo Krampus angevua manyoya mwenyewe akaomba maji. Nikamwambia pia kwamba mwaka 1984 wazazi wa Marekani waliandamana nje ya majumba ya sinema kwa sababu ya muvi yenye muuaji aliyevaa kama Baba Krismasi, mpaka waliokuwa wakiisambaza wakaiondoa. Hapa mzazi alikuwa ndani, anacheka na mwanawe.

Kisha kikaja kipande ambacho mpaka sasa sielewi kilifikaje kwenye muvi ile.

Binti yuko jikoni. Mshumaa mmoja. Anafungua kopo la maharage kwa kisu, taratibu, kisu kinateleza, anajifuta kidole kwenye sketi, anaendelea. Anapanga sahani nne mezani. Nyumba ina mtu mmoja. Anagawa yale maharage kijiko kwa kijiko mpaka sahani zote zilingane, na kila sahani anaisogeza kidogo mbele, kwa mtu ambaye hayupo. Muziki hakuna. Hata mtafsiri, ambaye hakuwa ameziba mdomo tangu tuingie, akanyamaza. Tuliokulia kwenye kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, tunajua mtafsiri anaweza kuibeba muvi mbovu mgongoni, lakini kunyamaza mahali pake, hiyo sikuitegemea kwa huyu. Halafu mlango unagongwa. Sauti ya mama: nifungulie mwanangu, baridi. Na mama yake tulishamwona amekufa, tena tulimcheka alivyoanguka. Binti anainuka. Anaufikia mlango. Mkono uko kwenye komeo.

Wale vijana wa lori, kimya. Mama wa pembeni yangu akasema, "Usifungue, mwanangu," anauambia ukuta.

Ukuta ukawa wa bluu. Kisha kijani. King'amuzi kimewashwa, uwanja wa Uingereza huo, na wachezaji wanapasha misuli. Sisemi mechi imeanza. Wanapasha misuli! Mtu anavuta mguu wake taratibu mbele yetu, wa kushoto, halafu wa kulia, na binti wa watu yuko mlangoni.

Kijana wa mlangoni akaingia na kopo lake. "Wa mpira jero, wa mpira jero." Yaani shilingi mia tano nyingine.

Nikamwambia, "Dogo, muvi haijaisha."

"Imeisha hiyo, anko."

"Haijaisha, binti yuko mlangoni."

"Anko, dunia si ilishaisha tangu mwanzo? Wewe unataka iishe mara ngapi?"

Banda likacheka. Na mimi nusura nicheke, jambo ambalo liliniudhi kuliko yote. Nikamwambia basi nirudishie jero yangu. Jero umeshaiangalia, anko. Nikamwambia nusu yake. Nusu ya jero naitoa wapi? Na akiwa ameshanipa mgongo, anapokea hela ya mtu mwingine, akatupia: "Wote wanakufa. Tulia uangalie mpira."

Wote wanakufa! Amenikatia muvi, amenila jero, na bado akanisimulia mwisho wake kwa sentensi moja. Huyu kijana nadhani hata hiyo muvi hajaiona. Au ameiona, sijui lipi baya zaidi.

Nilitoka. Nje nikamkuta mzee wa mtaani aliyekuwa akienda sinema ya Majestic enzi za filamu za Kihindi, nikamweleza, nikitegemea atanionea huruma. Akasema kule mkanda ukikatika operata anaunga, watu wanapiga miluzi, muvi inaendelea. Kisha akaniuliza muvi yenyewe ilikuwa nzuri? Nikamwambia mbovu. Akaniangalia, akaendelea na kahawa yake.

Hapo ndipo wengi wananishangaa, kwa hiyo niwaeleweshe. Muuza machungwa ya Muheza akikuuzia chungwa chachu, uchachu ni wako, ila hakunyang'anyi likiwa mdomoni. Nililipia ubovu ule wote, povu, ndevu, lori na kila kitu. Nilishaukubali. Hawakunikatia pale kwenye ubovu, walinikatia penye dakika chache ambazo zilikuwa na maana, na kama wangekata wakati wa ndevu ningeondoka kimya na kuwashukuru. Tena kila nikiikumbuka naona labda hata haikuwa mbovu kiasi hicho. Mtu anayejua kupanga sahani nne namna ile si mjinga. Pengine lori liliachwa makusudi, kwamba dunia haijaisha ila binti ndiye hajui. Hapana, halikuachwa makusudi, lilikuwa lori tu. Lakini pengine.

Nimeuliza kwa kijana anayeingizia watu muvi kwenye flashi huku mjini. Jina, anko? Nikamtajia lile la ubaoni. Akanionyesha Baba Krismasi wa kila namna, mwenye shoka, mwenye panga, mmoja ana msumeno wa moto. Nikamwambia wangu ana ndevu zilizobanduka, na kuna maharage. Akasema ya maharage hana. Kijiweni nako wote waliokuwemo wanasema ni chenga tupu, wanakumbuka lori, wanasimuliana lori, na mmoja akasema kile kipande cha jikoni kilimpa usingizi. Huyo sijamsalimia tangu siku hiyo.

Ushauri wangu kwa wanaouliza kama banda lile linafaa: kwa mpira nendeni, subwoofa iko vizuri na ukuta wameupaka upya. Kwa muvi, msiende siku ya mechi, na kama kuna mechi muwaulize wenyewe kabla ya kutoa hela, maana ubaoni hawaiandiki. Mimi sirudi. Labda wakiirudia hii, wakaanza mapema, na yule dogo awe hayupo mlangoni.

Na kama kuna mtu Tanga, au Muheza, au popote pale, aliyeiona mpaka mwisho, naomba aniambie kitu kimoja: alifungua au hakufungua? Msinijibu kwamba wote wanakufa. Hilo nimeshalilipia jero.