TAHADHARI: "Taimingi imeshabadilishwa, stika hii hapa"

Wakuu, naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Kama wewe au ndugu yako yuko mbioni kununua gari la Japani kwenye yadi hapa Dar, na muuzaji akafungua boneti akakuonyesha kistika chenye maandishi ya Kijapani akisema mkanda wa taimingi (ule wa ndani ya injini unaopangilia valvu na pistoni) umeshabadilishwa, hela yako iache mfukoni kwanza. Soma mpaka mwisho.

Katikati ya 2023 nilinunua Subaru Forester ya 2004. Jina la yadi silitaji. Nimekuja kugundua mchezo wenyewe hauko kwenye yadi moja, kwa hiyo ukiikimbia ile utaukuta kwingine.

Mimi si mgeni wa magari. Nilijua Forester za miaka ile zinatumia mkanda, si cheni, na swali la kwanza nililouliza lilikuwa hilo hilo: taimingi vipi? Dalali, kijana mchangamfu mwenye "kaka mkubwa" kila baada ya maneno matatu, akacheka. Akaniwekea kidole kwenye kistika kilichobandikwa kwenye kava la plastiki mbele ya injini. "Soma mwenyewe kaka mkubwa. Ishirini, nane, tatu. Mwaka 2020, mwezi wa nane, tarehe tatu. Kilomita 98,600. Dashibodi leo inasoma 131,000. Taimingi ya Subaru inakwenda laki moja. Una elfu sitini na saba mbele yako, hiyo si ya kuiwazia."

Hesabu ilikaa sawasawa, ndiyo maana nikaingia. Ningekuta hakuna stika ningeomba bei ipungue nibadilishe mkanda siku hiyo hiyo. Stika ndiyo iliyonizubaisha.

Miezi minane baadaye, alfajiri, nimeshaipita Mlandizi naelekea Chalinze, spidi kama 80. Hakuna kelele, hakuna moshi, hakuna mshale wa joto kupanda. Injini ikakata tu kama mtu kazima swichi, taa zote za dashibodi zikawaka. Nikasogea pembeni, nikapiga selfu. Ikazunguka harakaharaka, nyepesi, kama cherehani isiyowekwa kitambaa. Waliowahi kupitia hili wameshaelewa. Gari likizima ghafla halafu selfu ikazunguka kwa wepesi wa namna hiyo, acha kupiga, tafuta gari la kuvuta. Mimi nilipiga kama mara sita, maana sikutaka kuamini.

Fundi alipofungua kava tulikuta beringi ya puli mojawapo imekauka grisi na kung'ang'ania. Mkanda ukasuguliwa pale pale hadi meno yakanyofoka. Kwenye hizi injini za EJ, aina iliyomo kwenye Forester yangu, valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu, na anayewagawia zamu ni huo mkanda. Ukikatika, au ukiruka meno ya kutosha, wanagongana. Valvu zilipinda pande zote mbili. Nikaishia kutafuta injini nyingine ya mtumba. Ukijumlisha injini, ufundi, mkanda na puli mpya za kufunga juu yake, pamoja na kuvutwa kurudi mjini, iliniondoka milioni tatu na laki mbili. Seti nzima ya mkanda ningeibadilisha kwa chini ya laki tano.

Sasa njoo kwenye stika.

Fundi wangu ni mzee, na magari ya Kijapani amekuwa nayo tangu enzi za Corolla za kabureta. Akaifuta ile stika kwa kitambaa chenye petroli, akaniuliza: "Hii herufi mbele uliiona?" Mbele ya ile 20 kulikuwa na H ndogo, imefifia na vumbi la oili. Niliiona siku ya kwanza, ila sikuitilia maanani. Kumbe H ni Heisei. Wajapani wana kalenda yao inayohesabu miaka ya utawala wa mfalme wao, na Heisei ilianza 1989 ikaisha Aprili 2019. Chukua namba iliyoandikwa, ongeza 1988, umepata mwaka wetu. H20 ni 2008. Siyo 2020.

Yaani mkanda wa "miaka mitatu" ulikuwa na miaka kumi na tano siku nailipia gari.

Baada ya Heisei ikaja Reiwa, herufi R, kuanzia Mei 2019, ambayo unaongeza 2018: R3 ni 2021. Stika nyingine hazina herufi kabisa, zina maandishi ya Kijapani au namba tupu. Hapo piga picha, ipitishe kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Na usitafsiri tarehe peke yake. Stika nyingi zilizoko kwenye magari haya ni za kubadilisha oili. Ukikuta neno la oili halafu mtu anakuambia ni taimingi, umeshajua unaongea na nani.

Hapo ndipo nikaanza kutilia shaka na kilomita. Nikarudi yadi kudai nakala ya cheti cha Kijapani cha kusafirishia gari nje, kile ambacho gari linakuja nacho. Wakanizungusha wiki tatu. Nilipokipata nikaelewa kwa nini. Kwenye sehemu ya maelezo ya kile cheti huandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipopita ukaguzi wao, pamoja na za ukaguzi uliotangulia. Langu lilisomwa 168,000 mwaka 2021. Mimi nimeuziwa 2023 likiwa na 131,000! Lilikuwa linatembea kinyumenyume.

Lakini angalieni jambo moja. Hata ukichukua kilomita za kweli, kutoka 98,600 mpaka siku linazima, ule mkanda haukuwa umefikisha laki moja. Kilichoniua ni umri. Mpira unachoka hata gari likiwa limelala, na grisi ya beringi za puli inakauka. Foleni zetu nazo zinadanganya kilomita: unakaa Ubungo nusu saa, injini inazunguka, mkanda unazunguka, dashibodi haijasogea hata moja. Ile laki moja ya Japani ndiyo ukomo, na miaka inahesabiwa pembeni yake. Mimi sasa najiwekea kilomita 80,000 au miaka saba, kitakachotangulia. Kuna watakaosema ni woga. Sawa.

Nilipowarudia na ushahidi wote, jibu lilikuwa kwamba gari la mtumba halina dhamana na huenda mimi ndiye sijui kuendesha. Nikamwomba rafiki yangu aende pale kama mteja, aulizie Mark II GX110 iliyokuwa mbele ya yadi. Ile nayo ni ya mkanda. Akaonyeshwa stika. "Kumi na tisa hiyo bosi, ni 2019." Akanitumia picha: H19. Hiyo ni 2007. Mara ya kwanza unaweza kusema kijana hajui kusoma. Mara ya pili, hapana.

Upande wa pili wa biashara hii wapo mafundi. Dada yangu ana Toyota Ist. Gereji moja ilimtoza laki mbili na themanini "kubadilisha mkanda wa taimingi." Ist haina mkanda wa taimingi! Injini yake, 1NZ au 2NZ, ni ya cheni, sawa na Raum na Vitz nyingi zenye injini hizo, na 1ZZ ya kwenye Spacio za kizazi cha pili pia ni cheni. Alichobadilishiwa ni mkanda wa nje wa alteneta, unaouona ukifungua boneti tu. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, jua aina ya injini yako, yale maandishi kama 1NZ. Za mkanda unazozikuta sana ni 5A ya Carina Ti, 3S ya RAV4 za mwanzo, 1G ya GX110, 1KZ ya Prado na Surf za dizeli, na hizi EJ za Subaru. 5A-FE na 3S-FE ya kawaida zina huruma: mkanda ukikatika gari linazima, unafunga mwingine, valvu ziko salama. Usizichukulie hizo kama kipimo cha zote.

Wenye 1KZ na dizeli nyingine za Toyota wana taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Wauzaji wanapenda kusema "taa haijawaka, mkanda mzima." Ile taa inahesabu kilomita tu, mkanda haiujui. Inaweza kuzimwa na kuanza kuhesabu upya bila mtu kugusa mkanda.

Nini cha kufanya? Nenda yadi na fundi wako, si wao, na spana namba kumi. Kwenye Forester kava la pembeni linashikwa na boliti chache, ni kazi ya dakika kumi. Muuzaji anayekataa kava lisifunguliwe ameshakujibu. Likifunguliwa, tafuta oili iliyovuja kwenye sili, maana oili inaula mpira, na kagua puli pia. Ila mkanda kuonekana mzuri kwa macho si uthibitisho. Mikanda ya siku hizi inaweza kuonekana safi na imekwisha. Kama hakuna risiti ya gereji yenye tarehe na kilomita, chukulia haujabadilishwa kabisa, na gharama ya seti ikatwe kwenye bei kabla ya kusaini. Nasema seti kwa sababu mkanda mpya juu ya puli za zamani ndio huo huo msiba wangu. Pampu ya maji ya EJ nayo inazungushwa na mkanda huo, ibadilishe palepale. Simama wakati kazi inafanyika, na vya zamani uondoke navyo kwenye mfuko.

Yadi mwishowe waliniita wakanipa ofa ya laki tatu "ya pole", kwa sharti nifute picha zote. Nimekataa, nakala zote ninazo. Injini ya sasa nimeibandikia stika yangu, nimeandika kwa kalamu ya rangi, kwa Kiswahili, mwaka wenye tarakimu nne. Ile ya H20 nimeiacha pembeni yake.