TAHADHARI: Beringi "mpya" za Land Rover na Peugeot za zamani. Angalia mgongo kabla hujalipa

Wenye Land Rover za Series, Peugeot 404 na 504, na wenzetu wa Morris Minor, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia hapa Nakuru hadi Kisumu akiuza beringi za kranki (mhimili mkuu wa injini) na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki), yaani vile vibati vya nusu duara ambamo shingo za kranki huzunguka, "orijino, zilibaki stoo". Jina silitaji, na halingewasaidia, kwa sababu hulibadilisha pamoja na laini ya simu. Mtindo wake ndio haubadiliki. Picha ni ya boksi lililofungwa. Ukiomba picha ya mgongo wa beringi, anakwambia akifungua boksi waranti imekufa. Bei yake anaishusha kidogo tu chini ya ile ya dukani, na hapo ndipo watu wanaponaswa, maana bei ya kutupa ingewashtua. Pesa anataka kwa namba ya mtu binafsi, kisha mzigo unapandishwa matatu.

Mimi kazi yangu ni kufungua injini, na za wateja wake zinaishia kwangu. Ya karibuni ni Land Rover ya mzee mmoja wa Ahero, ililetwa ikivutwa. Ilianza kugonga ikipanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit. Nilipoteremsha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa inametameta chembe za shaba. Beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imezunguka kwenye kiti chake na kuziba tundu la oili. Mgongoni, pale panapokaa chapa ya saizi, palikuwa pamepigwa msasa, kisha mtu akagonga 010, saizi ya kranki iliyosagwa, kwa mkono, sifuri ya mwisho imelala upande. Maikromita, kifaa cha kupima unene, ikasema ni STD, yaani saizi ya kranki ambayo haijasagwa. Nyuma yake, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa mara mbili.

Hesabu yenyewe ni hii. Kranki iliyosagwa inchi 0.010 inataka beringi ya 010, ambayo kila nusu yake ni nene zaidi kwa 0.127 mm. Ukiweka STD, mwanya kati ya beringi na kranki unaongezeka kwa takriban 0.25 mm. Kipimo cha mafundi ni mwanya wa inchi 0.001 kwa kila inchi ya kipenyo cha shingo ya kranki, kwa hiyo shingo ya inchi 2 inahitaji kama 0.05 mm tu. Oili yote inavujia pembeni. Asubuhi injini ikiwa baridi utaona geji ya presha ya oili iko sawa, ikipata moto geji inalala. Muuzaji anajua, ndiyo maana anakusisitizia oili nzito na kichupa cha dawa ya "kutuliza injini".

Halafu ana fundi wake wa "kukaza beringi" bila kushusha injini. Huyu ndiye mbaya zaidi. Anapiga tupa kofia za konrodi, vile vipande vinavyofungwa kwa bolti kushika beringi, au anaweka karatasi nyuma, akidai magari ya kale ndivyo yalivyorekebishwa. Nusu ni kweli. Ford Model A ya 1928 hadi 1931 ilikuwa na madini meupe yaliyomiminwa ndani ya konrodi, na shimu, vipande vyembamba vya bati, kati ya konrodi na kofia. Beringi ikilegea, unatoa shimu. Lakini Series, 404 na Minor zina beringi za kuvalishwa, zinazotolewa na kubadilishwa. Ukipiga tupa kofia, tundu linakuwa yai. Kofia za kranki ndizo balaa kabisa, maana zilichongwa pamoja na bloki, na ukiziharibu ni kuchonga upya mstari mzima. Karatasi nayo inazuia joto kutoka, inasinyaa, na beringi inaanza kuzunguka.

Kwa hiyo dai picha ya mgongo na chapa, au usinunue. Sura ya ndani iwe na rangi ya kijivu isiyong'aa, sawasawa kote. Ikimeremeta au ikionyesha wekundu wa shaba, hiyo imetumika ikasuguliwa. Wakati wa kufunga, mwambie fundi apime kwa Plastigage, ule uzi laini wa plastiki. Wa kijani unapima 0.025 hadi 0.076 mm. Futa oili yote, laza uzi kwa urefu wa shingo, kaza kofia kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kranki isizungushwe hata kidogo. Fungua, linganisha upana wake na mistari ya pakiti. Ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, shingo imelika, inataka kusagwa. Fundi anayesema "mimi nasikia kwa mkono" mlipe nauli aende.

Kama umeshauziwa, usizifunge. Weka boksi, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote, uandikishe polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na upeleke pia kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Kama zimeshafungwa na geji inalala injini ikiwa moto, zima gari. Mwaga oili ukiichuja kwa kitambaa cheupe, uone kama kuna shaba.

Walio karibu na Nakuru nitawapimia beringi bure, maikromita ninayo. Mkileta konrodi, zije na kofia zake, kila moja na yake, zimetiwa alama.